Shahada ya Sanaa: Mambo Yapasayo Kujulikana na Mzazi na Mwanafunzi

Mara kwa mara mzazi aliyelipa karo kwa shida, kwa kuuza ng'ombe au kahawa au kwa kujinyima katika mshahara wake, huambiwa na mwanawe aliyemaliza shule ya sekondari kwamba hataki kusomea sheria wala udaktari, bali ataka kwenda Chuo Kikuu akasomee uchoraji, au muziki, au michezo ya kuigiza. Wazazi wengi wakisikia hayo hushtuka. Husema kwamba kuchora ni kazi ya mtoto asiye na shughuli, na kwamba ngoma hufundishwa uwanjani bila ya ada. Mtoto naye hunyamaza kwa heshima, au huondoka nyumbani kwa hasira, na shauri lenyewe halizungumzwi tena mpaka limekwisha kuharibika.

Ndani ya maneno ya mzazi huyo yamo maswali mawili, na yote mawili ni ya haki. La kwanza ni hili: je, katika sanaa kuna mambo ya kujifunza kwa miaka mitatu au minne, hata mtu apewe shahada sawasawa na mwanasheria? La pili: akiisha kuipata shahada hiyo, atakula nini? Wanaosifu sanaa hupenda sana kulijibu swali la kwanza, na la pili hulipita mbio. Yafaa yote mawili yajibiwe, na la pili lijibiwe kwa kutazama maisha ya watu wa Afrika ya Mashariki waliokwisha kuipita njia hiyo.

FUNDI NA MWANAFUNZI WA CHUO

Kwanza hapana budi kukubali jambo moja. Shahada si ruhusa ya kufanya kazi ya sanaa. Mafundi wa Lamu walichonga milango iliyosifiwa katika pwani nzima, na hawakuwa na cheti hata kimoja. Wanawake wafinyanzi wa nchi hizi hutengeneza vyungu na mitungi kwa mikono tu bila gurudumu, na havipasuki motoni. Katika Ukambani hutajwa jina la Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye inasimuliwa kwamba alijifunza kuchonga kwa Wamakonde alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi kwao na ujuzi huo. Na kutoka kwake kazi ya vinyago ikaenea hata ikawa biashara kubwa ya kuuza nchi za ng'ambo. Kwa hiyo kijana anayetaka tu kuchonga na kuuza vinyago, pengine atapata faida zaidi akikaa miaka miwili chini ya fundi hodari kuliko miaka minne chuoni.

Basi Chuo Kikuu huongeza nini? Fundi humfundisha kijana namna moja ya kazi, na humfundisha aifanye kama ilivyofanywa na waliomtangulia. Chuo humlazimisha mwanafunzi afanye mambo mengi asiyoyachagua. Katika mwaka wa kwanza hukalishwa mbele ya mtungi, au mkono wa binadamu, au mzizi wa mti, akaambiwa auchore. Na akiisha kuuchora, huambiwa auchore tena kutoka upande mwingine. Kisha huingia katika udongo, na mbao, na kutia rangi vitambaa, na kuchapa picha kwa kibao kilichochongwa. Baadaye ndipo huchagua kazi moja au mbili za kufuata mpaka mwisho.

Tena kuna desturi moja ambayo huwatatiza sana wanafunzi wageni. Kazi za darasa zima hutundikwa ukutani, na mwalimu pamoja na wanafunzi huzitazama moja moja na kuzisema waziwazi mbele ya mwenyewe. Huulizwa: Kwa nini mtu huyu umemweka pembeni? Rangi hii nyekundu inafanya kazi gani hapa? Jibu la kusema kwamba ‘ilikuja yenyewe’ halikubaliwi. Kijana aliyekuwa akisifiwa na shule nzima, aliyechora mabango yote ya sikukuu, huenda akasikia kwamba picha yake nzuri ameiiga kutoka kalenda ya duka. Wengine hukata tamaa wiki hiyo hiyo. Lakini anayevumilia hujifunza kuitazama kazi yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, na hilo ni jambo ambalo fundi aliye peke yake kijijini hupata kwa shida, kwa kuwa mteja wake hamwambii kosa; huondoka tu bila kununua.

Juu ya hayo, lipo somo la historia ya sanaa, na insha zake. Mwanafunzi aliyechagua uchoraji kwa kudhani kwamba amewakimbia walimu wa insha atashangaa.

JINSI MASOMO HAYA YALIVYOANZA MAKERERE

Huko Ulaya vyuo vya wachoraji vilikuwako kwa muda mrefu mbali na vyuo vikuu. Katika mji wa London, shule iitwayo Slade ilifunguliwa mwaka wa 1871 ndani ya University College, na kutoka hapo wengi wakaanza kuzoea kwamba mchoraji aweza kukaa jengo moja na mwanasayansi. Mmoja wa waliosoma Slade alikuwa Bibi Margaret Trowell. Alikuja Afrika ya Mashariki pamoja na mumewe aliyekuwa daktari, na mwaka wa 1937 alianza kufundisha sanaa kwa watu wachache katika baraza ya nyumba yake mjini Kampala. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1939, kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Masomo hayo yalihamia Chuo cha Makerere, na shule iliyotokana nayo ingali ikiitwa kwa jina lake hata leo.

Bibi Trowell alikuwa na kanuni yake. Aliwasimulia wanafunzi habari fulani, kama vile ya soko au ya mvua au ya Maandiko, kisha akawaacha waone picha katika mawazo yao na kuichora. Hakupenda kuwaonyesha sana picha za Ulaya, kwa kuogopa kwamba wataziiga na kuyaacha ya kwao. Alipoondoka, mahali pake palishikwa na Bwana Cecil Todd, naye alikuwa na maoni mengine: kwamba mwanafunzi wa Afrika ana haki ya kujua yote yanayojulikana duniani, historia ya sanaa ya Ulaya ikiwamo pamoja na ufundi wake wote, kisha achague mwenyewe.

Ubishi huo haujaisha, na kila chuo cha sanaa hulazimika kuujibu kwa namna yake. Bibi Trowell alikuwa na sababu ya kuogopa, maana madukani zimejaa picha za simba na machweo ya jua zilizochorwa kwa ajili ya macho ya mgeni. Hata hivyo neno la Bwana Todd lina nguvu zaidi. Hakuna awezaye kumlinda mtu mzima kwa kumficha mambo, na mwanafunzi asiyeonyeshwa picha za nchi nyingine darasani ataziona barabarani, tena zile mbaya.

WALIKULA NINI?

Sasa lifuatalo ni swali la pili, nalo lataka majina ya watu.

Bwana Gregory Maloba alizaliwa mwaka wa 1922 upande wa Mumias, Kenya. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Bibi Trowell, akawa mchongaji. Apitaye katikati ya mji wa Kampala huiona kazi yake kubwa, ile sanamu ya Uhuru wa Uganda ya mwaka wa 1962: umbo la mtu mzima aliyezungushiwa vifungo, naye amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Sanamu ya namna hiyo huagizwa na serikali, na serikali haiagizi sanamu kila mwaka. Mkate wa kila siku wa Bwana Maloba ulitoka katika ualimu. Alifundisha Makerere, na baadaye akafundisha Nairobi.

Bwana Sam Ntiro, Mchagga wa Machame aliyezaliwa mwaka wa 1923, alisoma Makerere, akafundisha hapo hapo, kisha akaenda Slade kati ya mwaka 1952 na 1955. Picha zake ni za mambo ya nyumbani: watu walimao, wavunao, wajengao. Moja, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, aliyoichora mwaka wa 1956, iliingia katika Museum of Modern Art huko New York. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka wa 1961, aliwekwa kuwa Balozi wake London. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni, na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni maisha ya heshima kubwa. Lakini katika mishahara aliyoipokea, uliolipwa kwa ajili ya kuchora ni upi? Wote ulilipwa kwa kufundisha na kutumikia nchi.

Bwana Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alimaliza Makerere katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1959 alimaliza picha tano kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a, za maisha ya Yesu, lakini vilima na watu na mavazi ni ya nchi ya Wakikuyu. Mwaka wa 1965 yeye na wenzake walianzisha Nairobi nyumba ya sanaa waliyoiita Paa ya Paa, jina ambalo mwenye kujua Kiswahili hulifurahia, maana paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Yeye pia alikuwa mwalimu.

Habari ya Bibi Rosemary Karuga yafaa isomwe polepole na kila msichana anayeifikiria njia hii. Alizaliwa mwaka wa 1928, akasoma sanaa Makerere kuanzia mwaka wa 1950 hadi 1952, na alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kisha alirudi Kenya akafundisha shule, akalea watoto, na kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yake ya sanaa ilikuwa ndogo mno. Alipostaafu katika miaka ya 1980, alianza upya. Hakuwa na fedha za kununua rangi, basi alichukua karatasi za magazeti na pakiti za unga na sabuni, akazikata vipande vidogo vidogo na kuzibandika mpaka zikawa picha za kuku, na wanawake, na mashamba. Mwaka wa 1990 kazi hizo zilionyeshwa Harlem, New York, pamoja na za wasanii wengine wa Afrika. Alifariki mwaka wa 2021.

Mtu aweza kuisoma habari hiyo kwa namna mbili. Yaweza kusemwa kwamba aliyojifunza chuoni hayakupotea, kwa sababu baada ya miaka thelathini mkono wake ulikuwa ungali unajua rangi ipi ikae karibu na ipi. Yaweza kusemwa pia kwamba miaka thelathini ni mingi sana. Yote mawili ni kweli.

Katika maisha ya watu hawa wanne ualimu ndio uliowalisha, na sanaa ikaja juu yake. Siku hizi zimeongezeka kazi za namna nyingine: kuchora vitabu na matangazo, kupanga kurasa, kubuni vitambaa, kutengeneza filamu, kuchora kwa kompyuta. Kazi hizo hulipa, na mwenye shahada aliyejifunza kubuni ana nafasi kuliko yule aliyechora picha za ukutani tu. Lakini hata huko, mwenye kuanza hungoja, na mara nyingi huwa na kazi mbili. Mzazi amwambie mwanawe jambo hilo kabla ya kulipa ada, na mwana asilichukie. Njia iliyo salama zaidi ni kuchukua sanaa pamoja na elimu ya ualimu, kwa wale ambao chuo chao huruhusu hivyo. Walio na moyo wa kukataa usalama huo wapo pia, na wengine wao hufanikiwa; bali wajue ni kitu gani wanachokikataa.

MICHEZO YA KUIGIZA NA MUZIKI

Masomo ya maonyesho yalikuja baadaye. Mwaka wa 1965 wanafunzi wa Makerere walizunguka miji na vijiji vya Uganda na Kenya wakionyesha michezo bila kutoza watu kitu. Mwaka wa 1967 masomo ya sanaa za maonyesho yalianzishwa Dar es Salaam, ambako chuo wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Kati ya waliotoka hapo ni Bwana Ebrahim Hussein, ambaye mchezo wake Kinjeketile, juu ya Vita vya Maji Maji, ulitolewa mwaka wa 1969. Na Profesa Penina Muhando, mwandishi wa michezo mingi ya Kiswahili.

Kazi ya Profesa Muhando yaonyesha matumizi ya elimu hii ambayo mzazi hakuyawaza. Mwaka wa 1982 na 1983 yeye na wenzake wa chuo walikwenda Malya, katika mkoa wa Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliwauliza wanakijiji matatizo yao, na likatokea la wasichana kupata mimba. Kisha wanakijiji wenyewe wakalitengenezea mchezo kwa ngoma na maneno yao, wakauonyesha, wakajadiliana mbele ya wazee. Mambo ambayo mkutano wa kawaida usingeweza kuyataja yalitajwa kwa kinywa cha mwigizaji. Baadaye Profesa Muhando alipanda mpaka uongozi wa juu wa Chuo Kikuu, na aliongoza FAWE, shirika la elimu ya wasichana wa Afrika lenye makao yake Nairobi.

Mafunzo yenyewe ni ya mwili zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwigizaji hufundishwa kupumua, ili sauti yake ifike nyuma ya ukumbi bila kupayuka, maana anayepayuka hukatika sauti kabla mchezo haujafika nusu. Hujifunza taa, na mavazi, na kupiga misumari katika mbao za jukwaa, na kuhesabu fedha za tikiti. Mwanafunzi wa muziki husoma noti, hushika ala za kigeni na za kwao, kama zeze au nyatiti, na hujifunza kuandika kwa noti nyimbo ambazo wazee waliziimba bila kuziandika. Jambo gumu kuliko yote ni kuja kwa wakati. Mchoraji akichelewa huiharibu siku yake mwenyewe, lakini mwigizaji mmoja akichelewa huwakalisha watu ishirini bure.

YA KUANGALIA KABLA YA KUINGIA

Nchini Kenya, mwanafunzi aliyefanya mtihani wa KCSE hutakiwa apate wastani wa C+ ndipo aweze kuingia masomo ya shahada, na nafasi nyingi hugawanywa na ofisi ya serikali iitwayo KUCCPS. Uganda na Tanzania hutakiwa kufaulu masomo mawili makuu ya kidato cha sita. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina masomo ya uchoraji na ubunifu, ya muziki na dansi, na ya maonyesho na filamu; Makerere na Dar es Salaam zina yao. Katika mtaala mpya wa Kenya, sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, kwa hiyo kijana wa sasa hukutana na uchaguzi huu mapema kuliko kaka zake.

Shahada isichanganywe na cheti wala stashahada. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka wa 1981 na ambacho tangu mwaka wa 2007 huitwa TaSUBa, kimetoa wachezaji na wapigaji ngoma wa sifa kubwa, lakini hicho ni chuo cha cheti na stashahada. Si aibu kuanza huko. Pengine ndiko kwema zaidi kwa mtu ambaye ufundi wake uko miguuni na mikononi. Vilevile kuna vyuo vya watu binafsi vinavyotangaza shahada ambazo hazikuidhinishwa. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi aulize: Kenya kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, Tanzania kwa TCU, Uganda kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.

Aulize pia gharama ya vifaa. Ada iliyoandikwa katika barua ya chuo mara nyingi haihesabu rangi, brashi, karatasi nene, mbao, wala ala za muziki, na mwanafunzi asiye na vifaa hukaa darasani akitazama wenzake. Mkopo wa serikali, kwa anayeupata, husaidia, lakini hulipwa baada ya masomo, hata kama mkopaji hajauza picha.

Mwisho, baadhi ya vyuo humtaka anayeomba nafasi alete kazi alizokwisha kufanya, au asimame na kuigiza au kuimba mbele ya walimu. Kwa hiyo mwanafunzi aliye bado shuleni asizitupe kazi zake. Michoro kumi au kumi na tano yatosha, tena iliyochorwa kwa kutazama kitu chenyewe, wala si kwa kunakili picha nyingine; na ile isiyokamilika iwekwe pia, kwa kuwa walimu hupenda kuona mkono ulivyokwenda. Michoro ilazwe kati ya makaratasi magumu, mahali pasipo na mchwa wala unyevu. Kazi nzito za udongo au mti zipigwe picha mchana, nje ya nyumba, na nyuma ya kila picha paandikwe mwaka, ukubwa wa kitu, na vifaa vilivyotumiwa.